Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, na mshumaa kwa waliotangulia

Kwa ndugu zetu wa jamii ya kuchu (mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia, kama wanavyojiita Uganda) mlio Kampala, Nairobi, Mombasa, Kakuma na ughaibuni: heri ya Krismasi, na Mwaka Mpya uwakute wazima. Mnaokwenda ushago, mfike salama, na shangazi akianza na "utaoa lini?", basi chapati ziwepo za kujaza mdomo.

Msimu huu una makaburi yake. David Kato, mwalimu na mwanaharakati wa Uganda, aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake Mukono tarehe 26 Januari 2011. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilikuwa limechapa picha yake pamoja na wito wa kuwanyonga mashoga. Yeye na wenzake wawili walilishtaki, na tarehe 3 Januari 2011 Mahakama Kuu ikawapa ushindi, fidia ya shilingi 1,500,000 za Uganda kwa kila mmoja. Wiki tatu tu alizipata za kuufurahia. Edwin Chiloba, mwanamitindo na mbunifu wa mavazi wa Eldoret, alikutwa ndani ya sanduku la bati kando ya barabara mwanzoni mwa Januari 2023. Mwezi uliofuata, tarehe 24, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, majaji 3 dhidi ya 2, kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji lina haki ya kusajiliwa. Waliopokea habari hiyo wengi walikuwa bado wamo msibani.

Wengi wenu mtafanya kumbukizi kati ya Krismasi na tarehe 26 Januari. Kabla ya kununua mishumaa, kumbukeni mazishi ya Kato. Mchungaji alishika kipaza sauti, akaanza kuwalaani mashoga mbele ya jeneza. Waombolezaji wakamnyang'anya, pakawa na vurugu, na wanakijiji wakakataa kuzika. Marafiki ndio waliobeba jeneza, na Askofu Christopher Senyonjo akamwombea kaburini. Kwa hiyo swali la kwanza si nani atasema, ni nani anashika kipaza sauti na anampa nani. Mwongoza shughuli awe mmoja, na orodha ya wasemaji iwe mfukoni mwake. Kiongozi wa dini anayealikwa aulizwe mapema atasema nini. Akijibu "nitaongozwa na Roho", msimpe zaidi ya sala ya kufunga.

Majina yaandikwe kwa mkono, herufi kubwa, na msomaji ayatamke mara mbili nyumbani kwanza. Kwa kila marehemu: jina, kazi yake, mji, tarehe. Namna alivyouawa isisomwe. Mama yake anaweza kuwa amekaa safu ya pili. Jina, kimya cha pumzi tatu, mshumaa: kwa majina 20 hiyo ni kama dakika 10, na ikizidi hapo watu huanza kuchungulia simu. Kiswahili kimetupa "yeye", haibagui jinsia, lakini "kaka" na "dada" hubagua. Ulizeni marafiki wa marehemu alijiitaje. Na kama familia haikuwahi kujua, someni jina la kwanza pekee.

Msiseme zaidi ya hukumu. Aliyemuua Kato alifungwa miaka 30, lakini polisi walikana kwamba chanzo kilikuwa uanaharakati wake, na wenzake wengi hawakuridhika. Kesi ya Chiloba iliishia kwa kifungo cha miaka 50, Desemba 2024, kwa mtu aliyekuwa akiishi naye. Yasemwe hivyo hivyo. Ubishi wa nani "anastahili" kuwa kwenye orodha unaweza kuvunja kumbukizi; umalizeni siku mbili kabla, chumbani, mkiwa wachache.

Mishumaa mifupi, ndani ya gilasi, juu ya mchanga wa unene wa kidole. Kikombe cha plastiki huyeyuka, na Pwani upepo wa kaskazi huzima kila kilicho wazi. Watu 12 hadi 15 sebuleni wanatosha. Mwaliko upite kwa mdomo, hasa Uganda, ambako sheria ya 2023 inaweza kumfunga mtu hadi miaka 20 kwa "kuhamasisha". Watu waondoke wawili wawili, kabla matatu hazijaadimika.

Simu ndizo huharibu. Atakayepiga picha awe mmoja, na apige mishumaa na picha ya marehemu, si nyuso za walio hai; kisha aangalie nyuma ya picha: kalenda ya duka la jirani, geti, namba ya gari. Huduma ya mahali (location) ya simu izimwe kabla ya kutoka nyumbani. Picha ikitumwa WhatsApp kama faili hubeba taarifa za mahali ilipopigwa, kwa hiyo itumeni kama picha ya kawaida.

Baada ya kimya, pakueni chakula. Pilau, soda, muziki wa chini. Kuna atakayelia saa moja baada ya wengine kunyamaza, mara nyingi yule aliyekuwa akiosha vyombo. Mtu mmoja akae naye, na asimwache arudi peke yake.

Vipande vya mishumaa vitakavyobaki viwekeni. Tarehe 26 Januari vitawaka tena.