Usiiuze G3 kwa ajili ya G4

Tanga,
8 Februari 2026

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Nimeisoma barua yako kuhusu ile laptopu ya HP, EliteBook 840 G4, uliyooneshwa Kariakoo. Nakusihi usiitoe 840 G3 yako na kuongeza fedha juu ili uipate.

Yako ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5-6300U, yao i5-7200U. Zote zina viini 2, yaani sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja, na nyuzi 4, yaani kazi 4 zinazoshikwa kwa wakati mmoja. Mwendo wa juu kabisa ni gigahezi 3.0 kwa yako na 3.1 kwa yao, kwa hiyo kwenye hesabu za duka hutaona chochote. Namba ya kwanza baada ya i5 ndiyo kizazi: yako ni ya 6, yao ya 7. Kizazi cha 7 kiliongeza jambo moja la maana: kufungua video za VP9, aina ya ubanaji wa video ambayo YouTube huitumia sana, bila kuichosha prosesa. Ni zuri, ila si la kulipia laptopu nzima.

Hatua kubwa ilikuja na kizazi cha 8, Agosti 2017. i5-8250U ina viini 4 na nyuzi 8, kwa wati 15 zilezile za umeme. Ndiyo maana muuzaji akikuletea i7-7600U akakwambia "hii i7, dada", usibabaike: hiyo nayo ina viini 2. Hata ndani ya kizazi cha 8 soma namba yote, kwani i3-8130U pia ni ya viini 2. Lakini usitarajie kasi mara mbili. Wati 15 zinagawiwa viini vinne, hivyo video ya harusi ikianza kuchakatwa, kasi hupanda kwa muda mfupi kisha hushuka. Intel wenyewe walipoizindua walitaja nyongeza ya hadi asilimia 40. Kazi ya saa nzima ingefika kama dakika 43, mambo yakienda vizuri.

Kabla ya yote, chunguza kinachoifanya G3 iende polepole. Fungua kazi zako za kila siku, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ili Task Manager ifunguke, uangalie mashine inapokwama. Diski ikikaa kwenye asilimia 100 huku prosesa ikiwa 20, dawa ni SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka. RAM (kumbukumbu ya muda) ikizidi asilimia 90, ongeza kipande cha pili cha GB 8 cha DDR4, aina ya RAM inayotumiwa na G3. G3 ina nafasi mbili, na kipande hicho utahama nacho ukienda 840 G5. Prosesa ikigonga 100 na kubaki hapo, hapo ndipo kizazi kipya kinakuhusu. Ila kama gigahezi zinashuka chini ya 1 wakati wa kazi, mwite fundi asafishe feni na kupaka upya dawa ya kupozea prosesa, na jaribu chaja nyingine. Chaja isiyotambuliwa huifanya mashine ijibane makusudi.

Usimwombe fundi akubadilishie prosesa peke yake. Kwenye laptopu za aina hii imechomelewa kwenye madabodi, bamba kuu la mashine.

Sababu ya pili ya kuiruka G4 ni Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na masasisho ya ziada ya usalama kwa watu binafsi yanaishia 13 Oktoba 2026. Windows 11, ukiacha prosesa chache sana, huanzia kizazi cha 8. Wauzaji huiweka kwenye mashine za kizazi cha 6 na 7 kwa kukwepa ukaguzi, kwa hiyo kuiona inawaka dukani hakuthibitishi kitu. Kero huja baadaye, toleo jipya linapokataa kuingia.

Kama uchunguzi utaonyesha prosesa ndiyo tatizo, tafuta 840 G5, ambayo kwa kawaida huja na kizazi cha 8. Hata hiyo usiiamini kwa jina lililobandikwa: fungua Settings, System, About, usome namba ya prosesa. Andika tpm.msc kwenye utafutaji, uone toleo la TPM (chipu ya usalama ambayo Windows 11 huidai) ni 2.0. Izime, iwashe ukibonyeza F10. Ikidai nenosiri la BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine), iache hapohapo, maana huenda ilikuwa ya ofisi na si rahisi kufunguliwa. Mwisho andika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, ulinganishe uwezo wa betri ya kiwandani na wa sasa. Ikiwa chini ya asilimia 60, omba bei ishuke kwa gharama ya betri mpya.

Kizazi cha 10 chenye i5-10210U usikikimbilie kwa bei kubwa: viini ni 4 vilevile, mwendo tu umepanda hadi 4.2. Ukiwa na fedha za kutosha, bora ufike cha 12, ambako i5-1235U ina viini 10, japo 8 kati ya hivyo ni vidogo.

Piga picha ya Task Manager wakati unachakata video, unitumie kabla hujarudi dukani.

Rafiki yako,
Mwanaidi