Koi mpya hali na wenzake? Acha kumrushia mkate

“Mmeniuzia samaki mgonjwa.” Ujumbe huu tunaupata kila mara tukishapeleka koi mpya, samaki wa mapambo wa bwawani, kwa mteja, tena wiki haijaisha. Wenzake wanapanda juu kugombea chakula, yeye kajibanza chini ya yungiyungi. Mteja akiikumbuka bei, anaona kaibiwa.

Koi mgeni ni mwoga. Katolewa kwenye tangi, kafungwa mfukoni, karushwarushwa njiani, halafu kaingizwa kwenye bwawa lenye wenyewe. Kama hana vidonda, hajisugui ukutani wala hatweti juu ya maji, mpe muda. Julai hapa Arusha mpe muda zaidi, maana maji yakipoa hata wakubwa hula kidogo.

Lisha saa ile ile, upande ule ule, kiasi kinachoisha ndani ya dakika tano. Wenyeji wape punje za chakula zinazoelea. Wakishakusanyika, dondosha chache za kuzama karibu na maficho yake, na kila siku zisogeze kidogo kuelekea kwa wenzake. Usimwinamie na simu ukitaka picha. Kivuli chako na cha mdiria kwake ni kimoja.

Mama mmoja wa Njiro aling'oa yungiyungi zote ili samaki wake aonekane, kisha akaanza kumrushia mkate. Samaki aliponyimwa maficho, akazidi kujikunyata kwenye kona. Koi hana mfuko wa tumbo kama sisi, anahitaji kidogo kidogo. Mkate ukabaki, ukaoza, amonia, sumu itokanayo na uchafu, ikapanda, chujio likaziba. Tulipofika, waliokuwa wakila vizuri ndio waliokuwa wakihema juu. Akalipia kubadilisha maji, dawa ya kuondoa klorini, kusafisha chujio na yungiyungi mpya. Yule mwoga, kwa taarifa yenu, alikuwa mzima kabisa.

Ndiyo, koi wetu ni ghali kuliko wa kuuziwa barabarani. Wanakaa karantini wiki tatu, na asiyekula punje hatoki. Ada ya kuja nyumbani nayo si nauli: tunapima amonia, nitraiti (nayo sumu ya uchafu) na pH (kiwango cha asidi majini), kwa sababu maji yakiwa mabaya hakuna ujanja wa kulisha utakaosaidia.

Wawili waliokua tangi moja huzoea haraka kuliko mmoja peke yake. Najua mtasema natafuta mauzo. Basi nunua mmoja, ila wiki mbili zikipita hagusi hata punje za kuzama, tupigie kabla hujagusa chochote bwawani.