Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira kuhusu neno "haipo"

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mpimaji wa maabara. Kazi yangu ya kila siku ni kusaka metali zenye sumu, yaani risasi, kadmiamu na aseniki, kwenye udongo. Nakuandikia kuhusu fomu ya majibu tunayotakiwa kuijaza. Ina safu mbili tu, jina la metali na kiasi chake, na mbele ya kadmiamu mara nyingi utakuta neno moja: "haipo".

Neno hilo halinipi raha. Udongo hauingii mashineni kama ulivyo. Tunaukausha, tunauchekecha kwa matundu ya milimita 2, tunausaga, kisha tunachemsha nusu gramu katika asidi na kuongeza maji hadi ifike mililita 50. Sasa fanya hesabu: mashine isiyoona chini ya maikrogramu 10 kwa lita itaupitisha udongo wenye karibu miligramu 1 ya kadmiamu kwa kilo, na sisi tutaandika "haipo". Mashine ya maabara ya pili ingeiona bila taabu.

Kuna na kosa la kinyume chake. Asidi yetu ni mchanganyiko wa haidrokloriki na nitriki, tatu kwa moja. Klorini yake ikifika kwenye spektrometa ya masi, mashine inayotambua metali kwa uzito wa chembe zake, hushikana na argoni, gesi inayotumika ndani ya mashine hiyo, na kinachozaliwa kina masi 75, ile ile ya aseniki. Mashine inahesabu tu, haiulizi nani ni nani. Asiyetumia gesi ya heliamu kumchuja huyo mgeni, wala kusahihisha hesabu, atamtangazia mkulima sumu asiyokuwa nayo. (Mchanganyiko huo pia hauyeyushi madini yote ya silika, kwa hiyo hata ile tunayoiita "jumla" ina walakini.)

Naomba fomu iongezwe safu: asidi na mashine iliyotumika, kiwango cha chini inachoweza kuona, majibu ya sampuli tupu (kitu safi kinachopitishwa hatua zile zile ili kuona kama vifaa vyetu vinachafua), na majibu ya udongo wa rejea ambao kiasi chake kinajulikana. Sampuli tupu usiidharau. Niliwahi kupitisha mchanga safi kwenye chekeche letu la chuma cha pua, ukatoka na kromiamu na nikeli. Tulikuwa tumeshatoa majibu ya wiki nzima. Ilibidi tuwapigie wenyewe simu, mmoja mmoja, kisha tukanunua chekeche la nailoni.

Rasimu ya fomu mpya ninayo. Ni ukurasa mmoja, mbele na nyuma.

Wako mtiifu,
Mpimaji wa udongo