Barua ya wazi kwa vijana wa bendi waliomtupa mpiga solo wao

Wanangu,

Nawasalimu, ingawa naandika nikiwa nimekasirika na sitaki kuificha hasira hiyo. Mpiga solo wenu, yule wa gitaa la kuongoza, amekatwa ncha za vidole viwili na mashine kule anakochomelea mageti na madirisha. Kidonda hakijafunga, ninyi mmeshatafuta mtu wa kinanda, amebonyeza kitufe kinachoigiza gitaa, mmepiga harusi ya Jumamosi na kugawana pesa. Mlipoulizwa mkajibu, "Yule basi tena, vidole vimekwisha." Hakuna hata mmoja aliyekwenda kumjulia hali. Mama yake ndiye aliyeniambia, na alikuwa akilia. Majina siyataji. Mnajijua, na bendi za namna yenu ni nyingi mjini, ndiyo maana barua hii naiweka wazi ili na wengine waisome.

Nani amewaambia kwamba vidole vikikatwa na gitaa limekwisha? Madaktari wa Birmingham, Uingereza, walimwambia kijana mmoja maneno hayohayo mwaka 1965. Kijana huyo ni Tony Iommi, aliyekuja kuwa mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath. Angewasikiliza, muziki wa hevi metali, ule mzito wa magitaa ya kunguruma, huu ambao baadhi yenu mnavaa fulana zake bila kujua ulikotoka, usingekuwa na sura uliyo nayo.

Alizaliwa Februari 1948, mtoto pekee katika familia yenye asili ya Italia, akakulia Aston, mtaa wa viwanda na nyumba zilizobanana, ambako magofu ya mabomu ya vita yalikuwa hayajaondolewa yote. Wazazi wake walikuwa na duka. Kwanza alitaka ngoma, lakini kelele zake zingewashinda nyumbani, akaishia kwenye gitaa. Anatumia shoto: anacharaza kwa mkono wa kushoto na kubana nyuzi kwa mkono wa kulia. Likumbukeni hilo.

Alipokuwa na miaka 17 alifanya kazi katika kiwanda cha mabamba ya chuma, na kazi yake ilikuwa kuchomelea. Fundi wa kuchomelea, kama mwenzenu. Alikuwa amepata bendi ya kwenda nayo Ujerumani na ameshaaga kazini. Siku ya mwisho alirudi nyumbani mchana kula, akasema harudi tena kiwandani. Mama yake akamwambia arudi, akamalize siku yake vizuri kama mtu mwenye adabu. Akarudi. Kumbe mtu wa mashine ya kukandamiza bati hakuja siku hiyo, na kijana akasimamishwa pale, kwenye mashine asiyoizoea. Ikamshukia mkononi. Akauvuta mkono kwa mshtuko, na ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki ndani. Mkono wenyewe ni ule wa kulia, wa kubana nyuzi.

Hapa lazima niseme na watu wengine kidogo, ninyi mnisubiri. Wenye karakana, mnasikia? Miaka 60 imepita na bado mnamsimamisha kijana kwenye mashine ambayo hakuna aliyemfundisha, bila glovu, bila miwani, ndala mguuni, kwa sababu mwenye mashine hakuja. Akiumia mnampa nauli ya bodaboda kwenda hospitali na kesho mnaweka mwingine. Hapa Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu 2008. Vijana wangapi wanaokata chuma kando ya barabara zetu wamewahi kuambiwa kwamba sheria hizo zipo? Tunawapita kila siku, cheche zinaruka machoni mwao, tunauliza bei ya geti na kuondoka.

Narudi kwenu. Tony alikaa nyumbani amekata tamaa, kama mwenzenu alivyo sasa hivi. Sasa tazameni nani alikwenda kumwona. Meneja wa kiwanda, mtu wa chuma, asiyekuwa mwanamuziki, alikwenda na santuri mkononi na kumwambia asikilize. Kijana alikuwa hana hamu ya kusikia gitaa la mtu yeyote. Akalazimishwa. Aliposikiliza akaambiwa: huyo anayepiga anatumia vidole viwili. Alikuwa Django Reinhardt, mtu wa jamii ya Manouche, tawi la Waroma, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Moto uliwaka kwenye gari la nyumba alimokuwa akiishi mwaka 1928, ukamharibu mkono wa kushoto, kidole cha pete na kidole kidogo vikapooza. Akajifunza upya kupiga solo kwa viwili vilivyobaki, na mwaka 1934 akaanzisha Paris, pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli, kundi ambalo wapenzi wa jazi wanalisikiliza hadi leo.

Wanangu, meneja wa kiwanda alifanya hivyo. Ninyi mliokula sahani moja na mwenzenu mmefanya nini?

Kilichofuata nataka mkisome polepole, hasa wewe mwenye vidonda kama barua hii itakufikia. Tony alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akaiyeyusha, akaiviringa, akaitoboa kwa chuma cha moto cha kulehemu mpaka ikaingia kwenye ncha ya kidole kama kastabini ya fundi cherehani. Akaisugua kwa msasa. Plastiki ilikuwa ikiteleza kwenye nyuzi, akakata kipande cha ngozi kutoka kwenye jaketi kuukuu na kukigundisha juu yake. Alijaribu ngozi nyingine na nyingine hadi akapata inayoshika. Chini ya kofia hizo husikii uzi, hujui umebana kiasi gani, kwa hiyo ilimbidi kujifunza kubana kwa kusikiliza sauti. Fikirieni kazi hiyo.

Nyuzi nazo zilimuumiza. Zilizokuwa zikiuzwa wakati ule zilikuwa nene, na watengenezaji hawakuona ni nani angenunua nyembamba. Akachukua nyuzi za banjo na kuzifunga kwenye gitaa. Baadaye akalegeza gitaa zima. Kwenye albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 alishusha tyuni kwa hatua tatu za nusu toni katika nyimbo kadhaa, uzi ukalainika chini ya vidole vibovu, na papo hapo sauti ikashuka na kuwa nzito, nene, ya kutisha. Akapenda kupiga kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, za noti mbili tatu badala ya zile pana zinazotaka vidole vyote, na mwenzake wa bendi, Geezer Butler, akamfuata kwa besi kwenye mstari uleule. Mnasikia jambo hilo? Uzito ambao maelfu ya bendi wameuiga ulizaliwa kwa sehemu kubwa na mtu aliyekuwa akitafuta namna ya kupiga bila maumivu. Leo ukienda duka lolote la ala utakuta seti ya nyuzi nyembamba ukutani, na kijana wa siku hizi ananunua bila kujua kwamba mwenzake aliwahi kukosa kabisa.

Kwa hiyo msiniambie vidole vimekwisha. Mwenzenu amebakiwa na vidole vingi kuliko Django alivyokuwa navyo.

Jambo la pili ni mazoezi, na hapa mtanisamehe nikipandisha sauti. Mnapanga mazoezi saa nne asubuhi. Mpiga besi anafika saa saba, anayeimba anafika na simu sikioni, wa ngoma hafiki kabisa, anatuma ujumbe kwamba anajua nyimbo zote. Kisha mnakwenda ukumbini na kupiga juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa, magitaa yamening'inia shingoni, kebo haijachomekwa popote. Watu wazima wamelipa kiingilio kuangalia vijana wanaojifanya kupiga! Sisi tuliokuwa tukipiga gitaa la rithim zamani, nchi hii ikiwa na bendi kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Afro 70 ya Patrick Balisidya, tulimwona mtu akiuvuta uzi jukwaani na jasho likimtoka. Hadhira ile ingewafukuza.

Mwishoni mwa mwaka 1968 Tony alichukuliwa kwa wiki chache na bendi ya Jethro Tull, iliyokuwa imeshajijengea jina. Fedha ilikuwapo, njia ilikuwa imefunguka. Alichokiona huko zaidi ya yote ni kwamba kiongozi wao, Ian Anderson, aliendesha bendi kama kazi: watu walifika asubuhi na mapema na kufanya mazoezi mpaka kazi ikamilike. Tony akaamua kurudi Birmingham kwa wenzake, kina Ozzy Osbourne mwimbaji, Geezer Butler na Bill Ward wa ngoma, ambao hawakuwa na chochote. Akawaambia: kuanzia sasa ni saa tatu asubuhi, kila siku. Akawa anawazungukia na gari asubuhi na kuwakusanya mmoja mmoja ili asiwepo wa kuchelewa.

Matunda yake ni haya. Oktoba 1969 waliingia studio London na kurekodi albamu yao ya kwanza kwa takriban siku moja tu. Walipiga kama walivyokuwa wakipiga jukwaani, kwa kuwa kila mtu alijua sehemu yake. Ikatoka tarehe 13 Februari 1970. Mwaka huohuo, albamu ya pili ilipopungukiwa wimbo mmoja mfupi wa kujazia, wenzake walitoka kwenda kula, na waliporudi Tony alikuwa na mpigo mpya kwenye gitaa. Huo ukawa "Paranoid", wimbo unaojulikana kuliko karibu zote walizowahi kupiga. Msidanganyike kwamba ulitengenezwa kwa dakika chache. Nyuma yake kulikuwa na asubuhi zote zile.

Najua wazazi na baadhi ya viongozi wa dini watakaoona barua hii watauliza kwa nini mzee anawaelekeza vijana kwenye bendi yenye jina la namna ile. Jina lilitoka kwenye filamu ya kutisha. Misalaba mnayoiona vifuani mwao, ya kwanza ilitengenezwa na baba yake Ozzy, fundi wa vyuma, kwa mikono yake mwenyewe, ili mwanawe na wenzake waivae. Wazazi, kabla hamjaliita gitaa uhuni, mwulizeni kijana anapiga nini na anakaa na nani.

Mengine nayataja tu, kila mtu ayachukue. Dawa za kulevya: mwaka 1972 walirekodi Los Angeles, na kwa kauli yao wenyewe kokeni iliwagharimu kuliko kurekodi, kufikia 1979 Ozzy alifukuzwa kwenye bendi kwa hali aliyokuwa nayo. Mikataba: walisaini wakiwa vijana bila kuelewa, wakaishia mahakamani na mameneja wao wa zamani, someni kabla ya kusaini, na sajilini nyimbo zenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Tyunini magitaa kabla watu hawajaingia ukumbini. Msikopeshane kebo.

Na kamati za harusi na wenye kumbi, nanyi mna lenu. Mnampa MC bahasha nene, kwenye bendi mnasema watakula wali. Halafu mnashangaa kwa nini vijana wanaleta kinanda na mtu mmoja.

Tony alibaki. Waimbaji walikuja na kuondoka, wapiga ngoma vilevile, na yeye peke yake ndiye aliyekuwamo katika Black Sabbath mwanzo hadi mwisho. Mapema mwaka 2012 ilitangazwa kwamba ana saratani ya limfu. Alirekodi akiwa katika matibabu, na ziara zilipangwa kwa kufuata ratiba ya hospitali. Albamu ile, iitwayo 13, ilitoka Juni 2013 ikashika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani. Tarehe 5 Julai 2025 wote wanne walisimama pamoja mara ya mwisho kwenye uwanja wa Villa Park, palepale Aston walikokulia. Ozzy, mwili ukiwa umedhoofishwa na ugonjwa wa Parkinson, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti. Hakuna aliyemwambia "basi tena." Walimpangia kiti, wakampigia. Siku 17 baadaye akafariki, akiwa na miaka 76.

Naliwaza jambo hilo kila nikiwakumbuka ninyi, wanangu, kwa sababu nawapenda na mkono wa mwenzenu naujua. Nimemsikia akipiga. Nchi hii haina wapiga solo wengi wa namna yake.

Basi mwendeeni. Msiende mikono mitupu, na msiende kumpa pole ya dakika tano. Mwambieni daktari akimruhusu aje kwangu. Gitaa langu nimelifunga nyuzi namba tisa, nyembamba kabisa, na nimelishusha tyuni. Ngozi laini ipo kwa fundi viatu wa jirani, nimeshazungumza naye. Chumba cha nyuma kina umeme na spika mbili. Kila Jumamosi nafungua saa tatu asubuhi, na saa tatu na robo naufunga mlango kwa ndani.

Mimi mzee wenu,
mpiga rithim wa zamani