Urais wa mwaka mmoja Uswisi si dalili ya mtikisiko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nisahihishe jambo lililojitokeza kwenye makala ya Jumapili iliyopita kuhusu Uswisi. Mwandishi aliwataja Simonetta Sommaruga wa mwaka 2020, Guy Parmelin wa 2021, Ignazio Cassis wa 2022, Alain Berset wa 2023 na Viola Amherd wa 2024, kisha akahitimisha kwamba nchi iliyobadili marais watano katika miaka mitano haiwezi kukosa mtikisiko wa kisiasa. Majina yote ni sahihi, lakini hitimisho lake si sahihi hata kidogo.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeng'olewa. Uswisi haina rais kwa maana tuliyoizoea sisi, ya mtu mmoja anayeteua mawaziri asubuhi na kuwatengua jioni. Mamlaka ya utendaji yamo mikononi mwa Baraza la Shirikisho lenye wajumbe saba, ambao huchaguliwa kwa kipindi cha miaka minne na mabaraza mawili ya Bunge yakikaa pamoja, na kila mjumbe huongoza wizara yake. Mmoja wao hupewa urais kwa mwaka mmoja, kwa zamu: huendesha vikao, hupokea wageni wa kitaifa na kutoa salamu za mwaka mpya, huku wizara yake akiendelea kuishika kama kawaida. Hana uwezo wa kumfukuza mwenzake, wala wa kumwamuru. Mwaka ukiisha, hurudi kwenye kiti chake cha siku zote na zamu humwendea mwingine.

Kama ni utulivu unaopimwa, kipimo kiwe hiki: Bunge la Uswisi halina utaratibu wa kura ya kutokuwa na imani na serikali, na tangu mwaka 1848 wajumbe wa Baraza walioomba kuchaguliwa tena wakakataliwa ni wanne tu, wa mwisho akiwa Christoph Blocher mwaka 2007. Sijui ni serikali ngapi duniani zinazoweza kuonyesha rekodi kama hiyo.

Makala iliitaja milima ya Alps kama pambo la picha za watalii, ilhali milima hiyo ndiyo inayoeleza mengi. Inachukua takriban asilimia 60 ya nchi yenye kilomita za mraba 41,285, na watu wengi huishi kwenye ukanda wa nyanda uliopo kati ya Alps na safu ya Jura, ilipo miji ya Zürich, Bern na Lausanne. Jamii za mabondeni zilizoea kujiendeshea mambo yao zenyewe, na ni tatu kati ya hizo, yaani Uri, Schwyz na Unterwalden, zilizoapizana kusaidiana mwaka 1291, karibu na njia ya mlima Gotthard inayokwenda Italia. Muungano huo ulikua polepole, kantoni moja (yaani jimbo lenye serikali yake) baada ya nyingine, hadi ukawa na watu wa lugha nne: Kijerumani, Kifaransa, Kiitalia na Kiromanshi. Na kwa kuwa mwandishi alisema nchi hiyo "haina bandari", nimkumbushe tu kwamba Basel ina bandari kwenye mto Rhine, na mashehena hushuka kutoka hapo hadi Rotterdam.

Serikali ya watu saba ilizaliwa baada ya vita. Mwaka 1847 kantoni saba za Kikatoliki ziliunda umoja wao wa pembeni, na majeshi ya kantoni nyingine, chini ya Jenerali Guillaume-Henri Dufour, yakauvunja kwa muda usiofika mwezi, watu wapatao mia moja wakifariki. Dufour aliwaamuru askari wake wawahurumie majeruhi wa upande wa pili. Si ajabu kwamba baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa Msalaba Mwekundu mjini Geneva. Katiba ya 1848 iliandikwa kwa roho hiyo hiyo. Walioshinda hawakuchukua vyote: kantoni ya Uri, iliyokuwa upande ulioshindwa na ambayo hata leo haifikishi watu 40,000, ilipewa viti viwili katika Baraza la Kantoni, moja ya yale mabaraza mawili ya Bunge, sawa na Zürich ambayo sasa ina zaidi ya milioni moja na nusu. Watu waliotoka kupigana wasingekubali kumkabidhi mmoja wao nchi nzima, na ndiyo maana uongozi ukagawanywa.

Juu ya hao saba wapo wapiga kura wenyewe. Wananchi 50,000 wakitia saini ndani ya siku 100, sheria iliyopitishwa na Bunge hupelekwa kwenye kura ya maoni. Mwaka 2012 walikataa kujiongezea likizo iwe wiki sita. Mwaka 2024 walikubali wastaafu walipwe pensheni ya mwezi wa 13, yaani malipo ya mwezi mmoja wa ziada kila mwaka.

Sisemi haya kwa kuusifia mfumo huo kupita kiasi. Kura hizo hizo, zilizopigwa na wanaume peke yao, ndizo zilizowanyima wanawake haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa hadi mwaka 1971, na kantoni ya Appenzell Innerrhoden ilishikilia msimamo wake katika chaguzi zake za ndani mpaka Mahakama Kuu ya Shirikisho ilipoilazimisha mwaka 1990. Upungufu huo ungestahili makala nzima, na ningeisoma kwa hamu kuliko hii ya marais watano.

Ombi langu ni kwamba sahihisho lichapishwe kabla ya Desemba, Bunge litakapokutana Bern kumchagua rais wa mwaka unaofuata, wasomaji wasije wakadhani tena kwamba serikali imeanguka.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga