Risala ya Kamati ya Afya ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Risala nyingi huanza na sifa. Hii ya kwetu inaanza na kukiri kosa.

Kila mwaka tunadai kadi ya kliniki kabla ya kumwandikisha mtoto. Mzazi anaileta, karani anaitupia jicho, anatia vema kwenye fomu, kadi inarudi mkobani. Basi. Dozi za chanjo hatukunakili, tarehe hatukunakili. Surua ilipoingia darasa moja, muuguzi alikuja na swali moja tu: nani hajapata dozi ya pili? Tukabaki kutazamana. Faili zima limejaa vema, jibu hatuna.

Swali lile lilikuwa na haraka yake. Dozi ya kwanza ikitolewa kwenye miezi 9 hukinga takribani watoto 85 katika 100, ndiyo maana ipo ya pili. Mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele kutoka, kwa hiyo ukisubiri kuviona umeshachelewa. Ambaye hajachanjwa, akipata sindano ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa, bado inaweza kumwokoa. Saa hizo sisi tulizimalizia kwenye simu, tukiwatafuta wazazi.

Tangu hapo tumeanza daftari la kunakili chanjo za kila mtoto. Kazi yenyewe si nyepesi, Mheshimiwa. Ipo kadi iliyokunjwa mara nne hadi mkunjo ukala safu ya polio. Nyingine ililoa, mhuri umebaki doa la bluu. Nyingine ina siku na mwezi, mwaka haumo. Mtoto mmoja kadi yake ina jina la babu, rejesta yetu ina la baba. Tukamhesabu watoto wawili.

Wazazi wetu, kadi ikipotea msifiche. Kituo alikochanjwa mtoto nacho huwa na rejesta. Hata huko ikikosekana, atachanjwa. Dozi ya surua ikizidi haimdhuru. Na aliyekatisha chanjo kwa kawaida huendelea pale alipoishia, haanzi upya. Hatutamrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya karatasi aliyoipoteza mtu mzima.

Wapo wanaodhani kadi imemaliza kazi mtoto akianza shule. Shirika la Afya Duniani linashauri dozi za kuongeza nguvu dhidi ya pepopunda kati ya miaka 4 na 7, tena kati ya 9 na 15. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi nayo huwalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hao wote wamekaa mbele yako hapa.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza kabati lenye kufuli, kwa sababu habari za afya ya mtoto si za kuachwa juu ya meza ya walimu. Pili, utusaidie kupata muuguzi walau mara moja kila muhula, akague daftari na kuchanja waliobaki nyuma.

Daftari lenyewe liko mezani kwako, majina tumeyafunika. Safu zilizo wazi ni nyingi kuliko tulivyopenda uzione.

Tunaomba kuwasilisha.