Barua kwa kaka yangu mchongaji

Kaka yangu,

Simu hupokei tangu Idi, na ujumbe wangu naona unausoma kisha unanyamaza. Basi naandika hapa, ambapo vijana wa bandani watakusomea hata usipotaka. Jina lako silitaji.

Mwezi uliopita nilipita kwako Mikindani. Saa saba mchana nilikukuta umelala sakafuni juu ya vibanzi vya mpingo, patasi mkononi. Nikahesabu sura za wifi: 31. Wifi anasuka, wifi anatwanga, wifi amegeuka. Ile kubwa kuliko zote umeiketisha kwenye kiti cha mezani, umeivika kanga aliyoisahau, umeiwekea sahani. Sahani ilikuwa na wali, kaka. Nilitetemeka.

Kazi yako naijua. Kile kinyago cha kwanza, mlipooana, mama alikishika akalia. Ule weupe wa nje ya mpingo uliuacha upite begani kama pindo la kanga, na mdomo uliuchonga vile vile anavyoubana akitaka kucheka. Wakati ule ulikuwa unamtazama.

Baadaye wifi alinieleza mwenyewe. Kukalishwa kwenye kigoda tangu alasiri mpaka taa iwashwe, mgongo unauma na hana ruhusa ya kugeuka. Alipopata mimba ukanuna kwa sababu uso umejaa. Nywele ukamkataza kukata. Usiku mmoja alishtuka akakuta umemmulika tochi, unampima kwa vidole toka jicho hadi kidevu. "Kila nilipobadilika," akaniambia, "alikasirika kama mtu aliyeibiwa."

Bibi alitusimulia mara ngapi asili yetu Wamakonde? Mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, haogi, hana wa kusema naye. Akachonga mti umbo la mwanamke, akausimamisha nje usiku. Kulipokucha, mti umekuwa mtu, akawa mkewe. Wakaenda kuoga Ruvuma, mtoto akazaliwa amekufa. Wakahama, wa pili naye akafa. Mpaka walipopanda juu kwenye nyanda, ndipo wa tatu akaishi. Nilipenda sana pale mti unapoamka na kuanza kutembea, maana tangu hapo yule mwanamke ana miguu yake, anakwenda na kuzaa na kuzeeka. Wewe umempata akiwa tayari mtu, na umehangaika miaka yote hii kumrudisha awe mti.

Nimesoma habari za mchoraji wa Austria, Oskar Kokoschka. Mwaka 1912 alimpenda mjane mmoja, Alma Mahler. Akamchora na kumchora, akamwonea wivu hata marehemu mumewe, mpaka mwanamke akachoka na mwaka 1915 akaolewa na mwingine. Kokoschka hakukubali. Mwaka 1918 akamwagiza fundi wa wanasesere mjini Munich amtengenezee Alma wa kimo kile kile, akampelekea michoro na barua za maelekezo, hadi ngozi iwe vipi ikiguswa. Mwanasesere alipofika hakufanana na Alma hata kidogo. Bado akakaa naye, akamchora. Mwishowe, usiku wa karamu, akamkata kichwa na kummwagia mvinyo mwekundu. Asubuhi polisi wakaja kugonga, wakidhani kuna maiti bustanini.

Nilipofika hapo nikaizima simu. Niliikumbuka tezo yako, ilivyolala mezani karibu na ile sahani.

Kinyago ukikikata ni mti tu. Ninachoogopa ni siku utakapoona kinyago hakitoshi, ukapanda basi la Newala. Umekwishapanda mara mbili. Umesimama chini ya mwembe kwa baba mkwe mpaka giza, wifi amejifungia ndani na watoto wa mji ule wanakukimbia. Mjomba alikukataza mara ya kwanza. Ya pili ukaenda kwa kujificha. Usiende tena. Hilo silikuombi, nakukataza na mimi, mdogo wako.

Mikorosho ya mama mwaka huu haikupuliziwa salfa, ubwiri unga umeyala maua. Wateja walikulipa vinyago vya familia, hawajaviona. Na mpingo sasa unaufuata mbali, mti wa miaka 70 na zaidi, unaumalizia kwenye sura ya mtu aliyekuomba usimtazame.

Mwanao humjui, kaka. Ameng'oka meno mawili ya mbele, anapiga mluzi kwenye lile pengo siku nzima. Sura yake hujaichonga hata mara moja, na sitaki uichonge. Nataka uione.

Jumamosi nashuka na basi la asubuhi, nitakuja naye. Mjomba atakuwepo. Wifi haji, na mtoto usimuulize habari za mama yake. Tezo na patasi mpe Mjomba akuwekee kabla hatujafika. Chemsha mihogo, samaki nitanunua mimi. Na kile kinyago kitoe kwenye kiti, mtoto atakaa pale.

Mdogo wako